Ulisema Nilikuwa Nimelala

Mpendwa mrushaji wetu Adhiambo,

Hilo "mpendwa" ni adabu ya barua tu, usivimbe kichwa.

Ulifika chuo chetu cha ualimu hapa Kisumu mwaka wa themanini na saba, na barua ya sifa kutoka sekondari. Desturi ya timu ya softiboli ilikuwa moja: wa mwaka wa kwanza hubeba mfuko wa vifaa. Ukautua miguuni pangu. "Dada, mimi nimekuja ku-pitch, si kubeba mizigo." Mwalimu wa michezo akacheka, malkia wake amefika. Nikaubeba mimi, wa mwaka wa pili.

Mkono ulikuwa nao, nakiri. Kila jioni nilichuchumaa nikadaka mipira yako kwa glavu iliyotoboka, nimeziba tundu kwa sponji ya godoro. Kiganja kilivimba, na bado nilipenda kukudakia kuliko kitu chochote pale chuoni. Tukakubaliana ishara: kidole kimoja, mpira wa kasi, viwili, wa polepole. Hata mtoto wa nasari angeelewa.

Siku ya fainali walikuja watu wa kuchagua timu ya mkoa. Jina langu lilikuwa kwenye orodha yao, nawe ulijua. Nilionyesha vidole viwili, kwa sababu mpigaji wa wapinzani alikuwa akiichapa mipira ya kasi atakavyo. Ukawatupia wale wa mkoa jicho, kisha ukafyatua wa kasi. Mpira ukanikuta mkono wa kulia, kidole cha kati kikavunjika.

Aliyeniinua ni yule yule mpigaji wao. "Pole sana, nyaminwa, dada yetu, pole." Wewe ulikuwa kando, unajieleza. "Mwalimu, huyu alikuwa amelala tu. Si angeshika?" Nilisikia kila neno. Jina langu likakatwa palepale, nawe ukaenda kuvaa jezi ya mkoa. Kadi ya pole sikuiona. Ningeichania jikoni, lakini angalau ungeituma.

Miaka minane sasa. Nafundisha shule ya wasichana huku Nyamasaria, chaki naishika kwa kidole kilichopinda. Mwalimu mkuu anatangaza kwa mbwembwe kwamba umekubali kuwa mgeni wa heshima siku ya michezo. Eti utawapa wasichana wangu hotuba kuhusu nidhamu. Wewe! Nilicheka peke yangu ofisini mpaka karani akachungulia.

Njoo, ila hotuba yako kaa nayo. Nitakupa glavu ile ile, tundu bado liko, uchuchumae mbele ya shule nzima. Nina mrushaji wa kidato cha kwanza ambaye mkono wake unaupita wako, na mfuko anabeba. Ukimwonyesha vidole viwili, atakurushia wa polepole.

Usitetemeke. Huyo nimemlea mimi.

Ni mimi,
mdakaji wako, niliyekuwa macho.