Redio Yenye Karatasi ya Kiwanda

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Tinde mama yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unauliza kama fundi avunje kufuli za kampuni kwenye simu yako, ingawa waranti itakufa. Nikiwa msichana, baba alileta redio mpya kutoka Shinyanga mjini, skrubu zimebandikwa karatasi ya kiwanda: ikichanika, usirudi dukani. Redio ilipoanza kukwaruza, baba aliichana karatasi ile mbele yetu, ikiwa bado nzima, akafungua. Ndani kulikuwa na jino la mtoto.

“Nani ameingia humu?” mama aliuliza.

Baba alifunga skrubu. Redio iliimba vizuri mpaka alipofariki.

Simu ni yako, fungua. Ila usidhani utakuwa wa kwanza kuingia humo.

Bibi yako