Draiva ya Mama Neema

Jumatatu, 5 Mei
Swala, chai ya rangi, kompyuta. Barua pepe arobaini na moja kutoka orodha ya watunza mfumo kabla ya kwenda kazini Raskazone. Arobaini hazinihusu. Moja inanihusu, na imenitia kiwewe.

Mkuu wa sehemu yetu ya kiini cha mfumo, huu mfumo wa kompyuta wa bure tunaoutunza watu wa dunia nzima kwa barua pepe, ametangaza usafi. Draiva, yaani programu ndogo zinazounganisha kompyuta na vifaa, zote zilizozeeka na ambazo hazina mwenyewe zitafutwa kwenye toleo lijalo. Ametaja kumi na moja. Ya nne ni yangu.

Yangu, nasema. Aliyeiandika alitoweka zamani, hajibu barua. Mimi niliichukua miaka miwili iliyopita kwa sababu moja tu: bila draiva hiyo, kompyuta ya Mama Neema haiwezi kuongea na mashine yake ya kufumia. Mistari mia sita na kidogo. Naipenda kuliko kazi inayonilipa. Basi, nimeshaandika.

Jumanne, 6 Mei
Nilimjibu jana kwamba inatumika. Leo ameuliza: na nani? Tangu uichukue hakuna aliyelalamika. Draiva isiyolalamikiwa ni draiva isiyotumika.

Nimekasirika mpaka nimechelewa kazini. Inatumika hapa Tanga, mtaa wa Mabawa, bwana mkubwa. Chumba cha mbele, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, maana Jumapili Mama Neema yuko kwenye kwaya kwa Walutheri. Anafuma masweta ya shule za kwao Lushoto. Anayafumia Tanga, kwenye joto hili, na feni ameizima isimvurugie nyuzi. Mashine aliinunua mtumba kiwanda kilipofungwa. Ina umri wangu.

Masharti ya mkuu ni mawili. Niisafishe draiva iendane na wakati, na mtu mwenye mashine halisi athibitishe kwamba inafanya kazi. Mwisho ni tarehe 31.

Jumamosi, 10 Mei
Nimesafisha tangu asubuhi. Raha tupu. Kama kupekua kabati la marehemu babu: kila droo ina kitu ambacho aliona kina maana.

Nimekuta amri moja inayosema subiri milisekunde ishirini kila safu ya ufumaji inapoisha. Hakuna maelezo. Subiri nini? Nimeifuta. Sivumilii kitu kinachokaa tu bila kusema kazi yake. Nina mezani akiba ya ile kadi inayounganisha kompyuta na mashine, nimejaribu nayo, imepita. Mashine ya kufumia sina.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwekea Mama Neema toleo jipya. Shikamoo, marahaba, chai, mihogo. Nimemweleza habari za mkuu na tarehe yake, na kwamba nimeifanya draiva iwe nyepesi. Hakuelewa hata neno moja lakini alifurahi kwa sababu nimefurahi. Sikungoja afume, nilikuwa na haraka. Nimeondoka na maparachichi sita.

Ijumaa, 16 Mei
Nimempigia. Mashine inakwendaje, mama?
"Nzuri, mwanangu. Haina neno."

Basi nikaandika chini ya kazi yangu, kama ilivyo desturi yetu: Imejaribiwa na, kisha jina lake kamili. Kwenye orodha jina la namna hiyo ni kama kiapo. Nimetuma. Nikatabasamu peke yangu kwenye bajaji mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo.

Jumanne, 20 Mei
Mkuu ameandika neno moja: Imepokelewa. Kwake hiyo ni hotuba. Nimewanunulia ofisi nzima vitumbua na sikuwaambia kwa nini.

Jumamosi, 24 Mei
Nimekwenda Mabawa na kilo mbili za sukari, kushukuru. Nikapiga hodi nikaingia palepale, kama nilivyozoea.

Mama Neema alikuwa kwenye mkeka, anafumua sweta la kijani. Pembeni beseni limejaa uzi uliojikunjakunja, uzi ambao umeshafumwa na kufumuliwa. Aliponiona akalisukuma beseni nyuma ya kiti. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, anaficha beseni.

Nikamwomba afume mbele yangu. Akasema achana nayo, tunywe chai. Nikang'ang'ania. Akafuma. Kila safu mpya inapoanza, sindano za mwanzo zinafuata amri za safu iliyopita. Herufi za shule kifuani zinalala upande, zote tatu, kama walevi. Mashine ni kongwe, inahitaji kuvuta pumzi kabla ya kugeuka. Hizo ndizo zile milisekunde ishirini. Nilizifuta mimi.

Siku kumi amekuwa akifuma, akifumua kifua, akikifuma tena bila herufi, kisha anazidarizi kwa mkono. Masweta yanatakiwa shule zikifunguliwa Julai. Vidole vimemvimba. Nilivishika nikaona.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.
"Umenifanyia bure, mwanangu, na ulifurahi vile. Na yule mzungu wako anataka kuifuta. Nikwambie mbaya?"

Nimelia. Nimemkasirikia pia, sifichi. Halafu nikajikasirikia zaidi, maana nilimuuliza swali ambalo kwetu lina jibu moja. Mtu akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama paa limeondoka na upepo. Nimezaliwa Nguvumali, hapahapa Tanga, si mgeni. Nilijua, na nikaiandika hiyo nzuri kama ushahidi.

Nimemrudishia toleo la zamani kabla ya kuondoka. Herufi zikasimama.

Jumapili, 25 Mei
Nimeunguza wali. Mawazo.

Naweza kuirudisha amri ile kimyakimya, niseme ni maboresho madogo. Hakuna atakayejua. Nikisema ukweli, mkuu atakuwa na haki ya kuniambia kwamba sina mjaribu, sina uangalifu, na draiva haina mwenyewe. Ataifuta. Kompyuta ya Mama Neema itabaki na toleo la zamani mpaka siku itakapoharibika, na kompyuta mpya haitaitambua kadi yake. Mashine itakuwa meza.

Lakini jina lake liko chini ya jambo ambalo si kweli. Nililiweka mimi, tena kwa mbwembwe. Nasikia aibu mpaka masikioni.

Jumatatu, 26 Mei
Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwishowe nimetuma hivi: niliondoa amri ya kusubiri bila kujua kazi yake. Mashine halisi inakosea bila hiyo. Aliyetajwa kuwa mjaribu aliulizwa kwa simu tu, akajibu kwa adabu. Kosa ni langu, yeye hana kosa. Naomba amri irudishwe. Nimeambatanisha picha ya zile herufi.



Jumatano, 28 Mei
Mkuu hajajibu. Watu wengine wawili wamejadili jambo jingine kabisa chini ya barua yangu, ndivyo walivyo. Yeye bado. Nimemsema kwa Kidigo, peke yangu, jikoni. Imesaidia kidogo.

Ijumaa, 30 Mei
Amejibu. Nimesoma nimesimama.

Anasema hii ndiyo ripoti ya kwanza yenye maana aliyopata kuhusu draiva hii. Inabaki, na mimi nabaki kuwa mtunzaji wake. Amri irudishwe, sababu iandikwe pembeni yake kwa maneno ya wazi, na chini liwekwe jina la aliyeripoti hitilafu. Na safari ijayo, anasema, nisijaribu kwa simu.

Nampenda mzee yule, leo tu.

Jumamosi, 31 Mei
Mabawa, saa tatu asubuhi. Nimeweka kompyuta yangu mezani kwa Mama Neema, nimerudisha amri ya kusubiri kwenye toleo jipya, nimemwekea, nimekaa. Amefuma sweta zima mbele yangu, kifua na mgongo. Safi. Ile sehemu ya Imejaribiwa na nimeiandika bila wasiwasi.

Ikabaki ile ya aliyeripoti. Nikamwambia siandiki jina lako mpaka uripoti. Akacheka. Akasema si umeona mwenyewe? Nikasema kuona si kuripoti. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza hali ya mama. Akatoka kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nikamngoja.

Akarudi, akaketi kwenye mashine, akalinyoosha sweta mapajani. Akasema kwa sauti ndogo, macho yako kwenye sindano: "Mwanangu, uliniharibia."

Nikamwambia ahsante, mama. Nikaandika jina lake.