Pakiti za Chai Ulizomtumia Mama

Nyumba ya Wageni Bryn Heli,
Barabara ya Ufukweni,
Porth Heulwen, Wales.
13 Novemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Ifan,

Hujambo huko Dunedin? Wifi yangu Marama na watoto hawajambo? Yale mafua yaliyokulaza mwezi wa tisa yamekwisha? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, na mawimbi yametuletea kokoto mpaka mlangoni. Mgeni wa mwisho aliondoka wiki mbili zilizopita. Nimebaki na Mama na vyumba sita vya baridi.

Mama anakula uji wake wa shayiri na kutembea hadi dirishani. Masikio ndiyo yamekufa, ndiyo maana simu zako hazimfai kitu. Sikio la kushoto linasikia kidogo ukimpigia kelele. Kumbukumbu nazo zinamtoka, na mwezi huu zimemtoka kwa kasi.

Ifan, nimekukosea. Nimezunguka meza siku tatu nikitafuta namna nzuri ya kulisema na sijaiona.

Unajua hoteli na nyumba zote za wageni hapa ufukweni tuliahidi kwamba chai, kahawa na sukari tunazowapa wageni zitoke kwa wakulima waliolipwa haki yao. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na kazi hiyo naiamini hadi leo. Lakini Mama hakuipenda hiyo chai hata siku moja. "Chai yako imeokoka, Gwenllian," alikuwa akinitania mbele ya wageni, "ila haina nguvu ya kumwamsha mtu!" Wageni wanacheka, mimi naona haya.

Ulipomtumia ile chai kali aliyoizoea, isiyo ya wakulima hao, aliiweka katikati ya meza ya wageni kama kombe la mpira. Asubuhi hiyo hiyo akaingia Prosser, yule mwenye hoteli ya jirani. "Ala! Mwenyekiti! Sisi unatukagua mpaka kabatini, kumbe kwako ndiyo haya?" Jioni mji mzima ulikuwa unajua. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi kila pakiti iliyofuata niliipokea mlangoni na kuificha nyuma ya mashuka, bila kuifungua. Zilifika saba. Ningeweza kumpikia chumbani kwake, nani angejua? Ukaidi tu, mdogo wangu. Ukaidi na kiburi.

Kila Jumamosi aliuliza, "Ifan hajaleta kitu?" Nami namjibu hajaleta, ana kazi nyingi. Mwanzoni alikutetea: "Ana watoto yule, mwacheni." Baadaye akawa ananiuliza kwa sauti ndogo, "Au nilimkosea nini?" Na bado sikusema. Tangu Oktoba hakuuliza tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kupumzika.

Alhamisi nilikuwa natafuta blanketi, pakiti moja ikaanguka na kupasuka. Ikatoka kadi, mwandiko wako, herufi kubwa ili macho yake yaweze. Nikazifungua zote. Kadi saba! Sikujua kama mlikuwa na kadi ndani, naapa. Lakini uongo niliujua.

Nikaipika chai mpaka ikawa nyeusi, nikakaa upande wa sikio la kushoto, nikamsomea kadi zote kwa kelele huku nalia. Alikunywa kikombe chote akaomba cha pili.

"Hii ndiyo chai," akasema. "Kaileta nani?"

"Ifan, Mama. Mwanao Ifan."

Akanitazama kwa adabu, vile alivyokuwa akiwatazama wageni wapya mapokezini.

"Mshukuru sana," akasema. "Mama yake kamlea vizuri."

Nauli nitakutumia mimi kama imekushinda. Njoo kabla ya Krismasi, Ifan. Mimi unaweza kuninyima salamu, nitakuelewa. Yeye mkalie tu karibu, upande wa kushoto, umwambie mwenyewe.

Nisalimie Marama, Tomos na kadogo Lowri. Shangazi Beti wa Dolgellau anawasalimu, na mambo haya bado hayajui. Mungu awalinde na awape safari njema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama sikuonyesha,

Gwenllian