Blenda Aliyoichagua Nurdin

Igogo, Mwanza
4 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Tumbo linaendeleaje tangu uvuke kurudi nyumbani? Kidonda kimekauka? Sisi hatujambo, ila Maige wa kwenye kivuko ananiambia umekonda na unaishi kwa uji, nami nimekosa raha. Ningepiga simu, lakini kwa masikio yako tungeishia kupigiana kelele kama juzi.

Nimerudi kwa daktari aliyekupasua. Anasema utumbo uliobaki ni mfupi, ndiyo maana kachumbari inakujaza gesi na kukuumiza. Mboga mbichi usiziache, ila zisagwe kwanza, tumbo lipunguziwe kazi. Kwa hiyo nampa Maige blenda akuletee. Karoti imenywe, tango litolewe mbegu, mchicha uoshwe kwa maji yaliyochemshwa. Tia maji kidogo, saga mpaka usione hata uzi mmoja, kisha unywe polepole kwa kijiko. Usigide kama togwa.

Nurdin ndiye aliyeichagua. Alikwenda madukani na karoti mfukoni, akawaambia wauzaji hanunui mpaka aone inavyosaga. Walimcheka duka zima. Najua hutaki habari zake, na kwenye ndoa yetu hukuja kwa sababu ni Mwislamu. Lakini hiki nakuomba ukipokee.

Mwanao,
Koku


Nansio, Ukerewe
13 Juni 2024

Koku mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, tumbo ndilo lina jambo. Blenda imefika salama. Maige aliibeba kama mtoto mchanga, hakutaka hata nimpokee mlangoni. Nimeiweka juu ya kabati sebuleni, na majirani wanakuja kuitazama. Bernadeta ameuliza mara mbili kama inasaga na karanga. Yule mwanamke kwa kutamani vitu vya watu, hajambo!

Maelekezo yako nimeyabandika ukutani jikoni. Mwalimu hata akistaafu hafanyi mtihani bila kusoma swali. Nitaanza baada ya Jumapili. Mwambie mwenzako nimesema asante.

Mama yako,
Celestina


Igogo, Mwanza
24 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Unalala vizuri? Unakula? Sisi wazima.

Nurdin alisoma ule mstari wa asante mara mbili, akakunja barua akaitia kwenye mfuko wa shati. Miaka mitatu ya ndoa, hujawahi kumtumia hata salamu. Siku ile nzima alikuwa anapiga mluzi.

Sasa niambie ukweli, mboga zinakaa tumboni? Daktari anataka kujua. Nilipanga kuomba ruhusa kazini nije, lakini kama blenda inafanya kazi yake, nitasubiri likizo.

Mwanao,
Koku


Nansio, Ukerewe
8 Julai 2024

Koku mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu, ninaamka.

Nakunywa kila asubuhi, glasi moja, karoti na tango na mchicha. Mwanzoni rangi ilinitisha, sasa nimezoea. Gesi imepungua. Usikatishe kazi yako kwa ajili yangu, subiri hiyo likizo.

Mama yako,
Celestina


Igogo, Mwanza
22 Julai 2024

Mama,

Shikamoo, na hongera. Nimemsomea daktari barua yako, akafurahi. Anasema kama mboga za kusaga zinakukubali hivyo, ongeza kabichi mbichi, na glasi ziwe mbili. Nimempa Maige kabichi tatu nzuri akuletee. Uzimalize zote.

Mwanao,
Koku


Igogo, Mwanza
2 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini maumivu yametulia na zile dawa unazimeza kwa wakati.

Siku tano nimekaa kando ya kitanda chako wodini, na siku tano hukuniambia kitu. Siku ya pili nilikwenda nyumbani nikusagie karoti. Juu ya kabati hapakuwa na blenda. Jikoni nikakuta kinu, ndani yake nyuzi za kabichi mbichi, na kichujio cha chai pembeni. Nilipokuuliza ulisema umeiazimisha, ukageukia ukutani. Daktari wa huko alisema kabichi ile ndiyo iliyoziba utumbo, na kwamba tungechelewa siku moja tungekuwa tunaongea mengine.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulinifundisha wewe mwenyewe msemo huo. Blenda iko wapi, Mama?

Mwanao,
Koku


Nansio, Ukerewe
11 Septemba 2024

Koku mwanangu,

Marahaba. Naendelea vizuri, nakula uji wa ulezi. Uso kwa uso nilishindwa, acha niandike.

Jumapili ile niliyokwambia nitaanza baada yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Niliibeba blenda kanisani nikamwombe Padri aibariki. Nikaiweka chini mbele ya altare, nikasahau kwamba siku hiyo kila kitu kinachowekwa pale ni sadaka, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu. Unakumbuka, misa ikiisha vyote vinanadiwa nje. Mimi nilibaki ndani kupiga magoti. Nilipotoka, Bernadeta alikuwa ameshainunua, ameikumbatia, na mpiga mnada anatangaza kwamba Mwalimu Celestina amemtolea Mungu blenda mpya kabisa. Watu wakanipigia makofi. Ningesemaje kwamba sikuitoa? Na mimi nikapiga makofi.

Nikaanza kutwanga kwenye kinu na kuchuja, nikakuandikia uongo. Kwa karoti na mchicha nilijikongoja. Kabichi ilinishinda.

Lakini kuna jambo hujaniuliza. Sufuria zangu sijawahi kuzipeleka kwa Padri, wala redio. Blenda niliipeleka kwa sababu ilitoka mkononi mwa Nurdin. Niliona siwezi kunywa kilichotoka kwake mpaka kinyunyiziwe maji ya baraka. Ndivyo nilivyofikiri, mimi mtu mzima niliyefundisha watoto wa kila dini. Naona aibu.

Mama yako,
Celestina


Igogo, Mwanza
27 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Barua yako Nurdin ameisoma, sikumficha. Alikwenda kuswali, aliporudi akasema twende tukanunue nyingine. Mimi ndiye niliyekataa. Ujue hilo, usije ukamhesabia yeye.

Blenda ningekutumia hata kumi. Ninachoshindwa ni kutuma kitu cha mume wangu kwa mtu atakayetaka kioshwe kwanza. Tena uongo wako niliupeleka kwa daktari kwa mdomo wangu, na zile kabichi nilikuchagulia kwa mikono yangu. Nusura nikuue, Mama, na nilikuwa nafurahi. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Kunywa uji. Usiniandikie kwa sasa.

Koku


Nansio, Ukerewe
3 Desemba 2024

Mwanangu Nurdin,

Habari za kazi, na habari za hapo nyumbani? Wazee wako hawajambo?

Mimi nina nafuu. Kila asubuhi nakwenda kwa Bernadeta na bakuli la karoti na mchicha, ananisagia mpaka pasionekane uzi. Hajawahi kuninunia hata siku moja, na kwa jinsi nilivyozoea kumsema, hilo linaniuma. Nakunywa kwa kijiko palepale jikoni kwake. Tumbo limekubali. Kwa hiyo usinunue nyingine, tafadhali.

Koku nimemwandikia mara mbili, hajajibu. Usimlazimishe. Mwache akasirike, ana sababu.

Wewe nakuandikia kwa jambo jingine. Mwaka ule kabla ya ndoa, wazee wako walivuka wakaniletea barua ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe. Niliwapa chai, wakaondoka, nikaitia barua ndani ya sanduku bila kuifungua. Shemeji yangu ndiye aliyewajibu kwa niaba ya ukoo. Mimi sikujibu, wala sikuisoma. Wewe uliona nimekataa. Kweli nilikataa, lakini sikujua hata nimekataa nini.

Jana nimeifungua. Nilidhani ni maneno ya wazee, kumbe mwandiko ni wako, na umeandika kwa uangalifu, mistari imenyooka. Unaniomba mambo mawili. La kwanza nikupe Koku. La pili, kwa kuwa mama yako mzazi alifariki ukiwa mdogo, unauliza kama nitakuruhusu uniite mama.

La kwanza limepita bila mimi, na leo nalijutia. Hilo la pili nalijibu sasa. Ndiyo, mwanangu, kama bado unataka. Na kama ombi lako umeshaliondoa, sitakulaumu.

Mama yako,
Celestina