Picha za Kabla ya Saa Sita

Maretadu, 14 Agosti 2022

Mdogo wangu Tito,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi, maana asubuhi hapa hata ng'ombe hawataki kutoka zizini. Sisi wazima. Bura anakohoa kidogo lakini bado ananibishia kila kitu, kwa hiyo najua haumwi. Naandika barua kwa sababu simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Usicheke.

Agatha wangu anapata kipaimara tarehe tatu Septemba. Mama atakuja, na sikiliza hili: amekubali kupigwa picha! Unajua anavyojifunika khanga usoni kila akiona kamera. Picha pekee aliyonayo ni ya kitambulisho cha kura, nayo imefutika. Safari hii amesema, "Tito aje anipige moja nzuri, mkinizika muwe na kitu cha kubeba mbele." Nikamkemea, yeye akacheka.

Njoo na kamera ya shule yenu. Ulisema kadi yake imejaa picha za wanafunzi. Nitakununulia nyingine nikienda Mbulu, sokoni zipo. Na usichelewe kama harusi ya Justina, ulipofika tunaosha sufuria.

Dada yako,
Fausta


Dirma, 11 Septemba 2022

Dada,

Shikamoo. Shemeji Bura kikohozi kimemwacha? Mimi nilifika salama, nimekuta vumbi langu linanisubiri na madaftari ya wanafunzi juu yake.

Dada, picha zimepita mia tatu! Ile kadi yako ndogo ilitaka kunikwamisha. Ilipofika saa sita hivi kamera ikaonyesha zimebaki nafasi kumi na mbili, na wageni ndio kwanza wanaingia. Nikahangaika, nikabonyeza huku na huku, nikapata mahali pa kuchagua, nafasi zikawa zaidi ya mia nne. Nilijiona fundi kweli. Hakuna mgeni niliyemkosa, hata yule mzee aliyelala na sahani mapajani.

Mama nilimpiga asubuhi mlangoni, peke yake, amekaza uso kama anamsubiri mgambo. Halafu jioni nikampata anacheka na Agatha. Ile ya jioni ndiyo yenyewe, kwenye kioo cha kamera inapendeza mno. Siku moja tutaisafisha tumpelekee.

Mdogo wako,
Tito


Maretadu, 26 Februari 2023

Tito,

Hatujambo. Natumaini na huko hamjambo.

Simu zako naziona. Sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na nimechoka kulia. Ndiyo maana naandika.

Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike mama. Picha uliyoikuza pale stesheneri ilitoka mbaya, sote tuliiona. Uso wake ulikuwa viboksi viboksi, aliyekaa nyuma asingejua ni mwanamke au mwanaume. Agatha aliibeba mbele ya jeneza ameinamisha kichwa. Hilo liliniuma, lakini ningelimeza. Nisichoweza kukimeza ni ulivyosimama kutoa neno la shukrani la familia, mbele ya padri, mbele ya wakwe zangu, ukasema, "Mtusamehe kwa hii picha, kadi aliyonunua dada ilikuwa feki." Halafu siku ya kumaliza matanga ukanirudishia kadi mkononi, watu wanatazama, ukasema, "Chukua mali yako."

Niliinunua kwa moyo mweupe, Tito. Miaka yote jumuiya walinituma mimi mjini kununua mishumaa, vitambaa vya altare, hata sare za kwaya. Sasa wanamtuma Monica. Wanasema nipumzike kwa kuwa nimefiwa. Nikipita bombani nasikia mtu anasema "feki" na wenzake wanacheka.

Niache kwanza.

Fausta


Dirma, 29 Oktoba 2023

Dada yangu Fausta,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie. Shemeji na Agatha hawajambo? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayoumwa.

Miezi minane sikukuandikia kwa sababu nilijiona nina haki. Leo naandika kwa sababu sina.

Mwezi uliopita tulikuwa na mahafali ya darasa la saba. Nilikwenda mpaka Babati kununua kadi mpya, ya bei kweli kweli, nikawaambia walimu wenzangu kwamba sirudii kosa la dada yangu. Ndiyo, hata huku nilikuchafua. Picha ya mgeni rasmi ilipokuzwa, viboksi vilevile. Nikapanda basi mpaka Mbulu kwa Hilary, mpiga picha wa karibu na stendi, nikamwekea kadi mezani kwa hasira. Hakuigusa. Alichukua kamera, akabonyeza mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, nani aliiweka kwenye picha ndogo?"

Ni mimi, dada. Siku ile ya kipaimara sikuongeza nafasi kwa ufundi wowote. Niliiambia kamera ipige picha ndogo ili zienee kwenye kadi, na tangu siku hiyo haijarudishwa kwenye picha kubwa. Kwenye kioo zinapendeza, ukizikuza zinapasuka. Nikabisha bado, nikamwambia Hilary, si hata kadi feki inaharibu picha? Akasema, "Kadi ni gunia tu. Likitoboka utapoteza mahindi, lakini gunia haligeuzi mahindi kuwa mtama." Kadi mbovu inapoteza picha au inagoma kufunguka. Ya kwako haikupoteza hata moja.

Nimejuta mpaka nimeogopa kukuandikia. Nitasimama kanisani mbele ya watu walewale niseme kosa ni langu. Padri nimeshampigia, ameniambia nipange siku.

Kuna jambo jingine, na hapa nakuomba nimepiga magoti. Picha nilizopiga kabla ya saa sita zilikuwa kubwa, nzima kabisa. Ile ya mama mlangoni ni mojawapo. Sikuwahi kuisafisha, kule stesheneri nilitoa ile ya jioni tu. Hilary anasema hiyo ya asubuhi itakuzwa hata ijae ukuta na kila kunyanzi la mama lionekane. Imo kwenye kadi niliyokurudishia. Hakuna mahali pengine ilipo. Tafadhali dada, ifunge kwenye karatasi umpe kondakta wa basi la Mbulu, mimi nitaifuata stendi.

Mdogo wako aliyekukosea,
Tito


Maretadu, 9 Novemba 2023

Mdogo wangu Tito,

Marahaba. Ona, nimeitikia. Huku mvua zimeanza kunyesha na tumepanda maharage. Barua yako niliisoma mara moja kwa sauti, Bura akisikiliza, halafu mara nyingi peke yangu.

Kadi haipo. Siku ile uliponirudishia niliingia jikoni kwa mama nikaitupa kati ya mafiga. Ilinuka vibaya kidogo, ikaisha. Nilidhani nachoma aibu yangu. Sikujua kama namchoma na mama.

Kanisani njoo useme. Sitakuambia acha, yamekwisha, kwa sababu nataka watu wasikie kwa mdomo wako mwenyewe. Lakini hilo la jina langu nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa barua. Hili la picha sijui nimsamehe nani. Wewe ndiye uliyenirudishia kadi, na mkono ulioitupa ni huu ninaoandikia.

Nisaidie kitu kimoja. Juzi Agatha aliniuliza lile kovu la bibi, alilolipata kwa pembe ya ndama, lilikuwa juu ya jicho gani. Nikasema la kulia. Bura akasema la kushoto. Nikaitoa ile picha kubwa chini ya kitanda, nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Hakuna kovu, hata jicho lenyewe halieleweki. Wewe ndiye uliyemtazama kwa kamera siku nzima. Lilikuwa jicho gani?

Dada yako,
Fausta


Dirma, 17 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nafurahi mmepata mvua. Jumapili ijayo nitakuwa Maretadu, nimeshamwambia padri.

Barua yako niliifungua mezani. Nilipofika kwenye swali nilijibu palepale kwa sauti, "La kushoto." Nikachukua kalamu nikuandikie hivyo, nikafumba macho kwanza ili nimwone mama vizuri. Nimekaa hivyo mpaka chai imepoa.

Sijui, dada. Sikumbuki.

Mdogo wako,
Tito