Mlinda Lango Afungwa Sita

Tarehe 3 Machi

Kwako kitinda mimba wangu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Mimi sijambo, ni miguu tu. Baba yako hajambo, ile saa uliyompa imesimama lakini bado anaivaa. Dada yako hajambo, na mapacha wake wameota meno ya mbele. Fundi cherehani wa jirani ananiuliza kila siku kama umeshaolewa, nami namuuliza gauni langu alilokaa nalo tangu mwaka jana. Bibi yako ndiye hajambo ya mdomoni tu. Hatoki tena kitandani. Na wewe, kifua kimepona?

Umeniandikia kwamba huko maktaba mmepewa kazi ya kubandika magazeti ya zamani yaliyochanika, na kwamba utamtafuta babu yako humo. Mwanangu, nakuomba uache. Umekuwa mtu mzima, acha nikwambie.

Babu yako Manjonjo alikwenda mjini mimi nina miaka minne. Akaleta salamu kwamba kiwanda kimempa kazi ya kulinda lango. Mwaka haujaisha, bibi yako akanunua sabuni, akaviringishiwa kwenye gazeti lenye picha ya mumewe. Mwenye duka akamsomea maandishi makubwa: "Manjonjo, mlinda lango, afungwa sita." Chini palikuwa pamechanika. Ikajulikana basi, kiwanda kimeibiwa na yeye amekula miaka sita. Wiki ile ile bibi yako akabeba virago na mimi mgongoni, tukahamia huku asikotujua mtu. Mpaka leo anasema hamsamehi, hata akiingia kaburini.

Sasa wewe unataka wenzako kazini wasome habari za mfungwa? Nisitiri, mwanangu.

Mama yako

Tarehe 29 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake, na bibi pia. Kifua kimepona. Fundi mwambie sijaolewa, ashone gauni.

Nisamehe, barua yako imefika nikiwa nimeshampata. Kaa chini kwanza. Mama, babu hakwenda jela. Lango lenyewe ni la mpira. Alikuwa kipa wa timu ya kiwanda, na siku ile alifungwa mabao sita. Pale palipochanika wameandika kwamba la tano liliingia akichana nywele.

Magazeti yalimpenda. Alidaka amevaa tai. Kila akiokoa aliwainamia watazamaji. Siku moja alimrudishia mshambuliaji mpira, akamwambia, "Jaribu tena, ndugu yangu, hukujiandaa." Nilicheka mpaka msimamizi akaja kuniuliza nina nini.

Kisha nikafika ukurasa wa matangazo, miezi mitatu baada ya mabao yale. Nakunakilia:

"Mimi Manjonjo, mlinda lango, ninamtafuta mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Nilirudi nyumbani nikakuta wapangaji wengine. Sina ugomvi na mtu. Aliyewaona awaambie nipo palepale kiwandani."

Binti huyo ni wewe, mama.

Mwanao

Tarehe 21 Mei

Mama,

Shikamoo. Karibu miezi miwili hujanijibu. Dada anasema mko wazima ila umekuwa mkimya. Kama nimekukosea, niambie nijue.

Mwanao

Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Wote tunapumua, wanakusalimu. Hukunikosea. Barua yako niliisoma kidogo kidogo, unanijua mimi na herufi, na nilipoimaliza nikaificha chini ya godoro. Nilijiuliza, nikimwambia bibi yako, ni kumwambia kwamba nyumba yake aliivunja mwenyewe kwa neno moja alilosomewa dukani. Nisipomwambia, anaondoka akimchukia mtu asiye na kosa. Ningefanyaje?

Jumapili nilikuwa namwosha miguu, akaanza tena habari za aibu aliyotuachia. Ikanitoka. Nikamwambia, "Mama, yule alifungwa mabao."

Akasema, "Mabao gani?"

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ile tai nilimnunulia mimi." Akageukia ukutani.

Jana akaniita nimsomee tangazo. Pale pa "sina ugomvi na mtu" akataka nirudie. Nimeparudia mpaka sauti ikanikauka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa mzee hivi, kwa baba ambaye hata sura yake siijui.

Leo asubuhi ameniuliza jambo moja tu: tangazo lile lilitoka mara moja, au aliendelea? Anataka kujua aliacha lini kututafuta. Nimemwambia sijui, mjukuu wako ndiye mwenye magazeti. Akasema basi atangoja, akaomba maziwa. Amekunywa kikombe kizima, mwanangu, apate nguvu za kungoja.

Kwa hiyo fungua kurasa zote zilizofuata, mwaka kwa mwaka. Ikiwa ni mara moja tu, andika mara moja. Usiongeze cha kumfurahisha, atajua. Andika kwa herufi kubwa nisikwame nikimsomea, na ulete jibu upesi, barua isilale huko hata siku moja.

Mama yako