Baba, Funguo Zako Zilikuwa Nyuma ya Kabati

Mwaka umetimia, Baba, tangu sumaku ipasuke maabarani na kukurarua, hata tukakatazwa kufungua jeneza.

Ulikuwa mtu wa hasira, tusidanganyane. Ulipiga meza, ulivunja vikombe, kisha ukaenda dukani kununua vingine huku umenuna. Lakini hakuna aliyeugua nyumba hii usikeshe kando yake.

Kazi yako ulitueleza mezani, tutake tusitake. "Elektroni za metali yangu zimebanana, zinapigana vikumbo," ulisema. "Metali nyingine ukizizidishia uga wa sumaku, ukinzani wa umeme unapanda, halafu unachoka. Hii yangu inapanda tu, mstari umenyooka."

"Imefanana na mwenyewe," Mama akakujibu. Ukacheka mpaka ukapaliwa.

Ulitaka kuona mstari ule utapinda wapi, ndiyo maana ukazidi kuipa sumaku nguvu. Sheria ya chumba cha sumaku hiyo uliitunga wewe: kila anayeingia aache funguo zake kwenye beseni mlangoni. Beseni likiwa tupu, hakuna mtu ndani.

Asubuhi ile uligombana na Mama. Ukavurumisha funguo ukutani, ukatoka bila kuziokota, ukibamiza mlango. Huko kazini waya ukalegea, ukaingia kuukaza, mifukoni huna funguo za kuacha. Mwenzako wa maabara akatazama beseni, akaliona tupu, akabonyeza kitufe cha kuwasha sumaku. Koili, ule msokoto wa shaba wa sumaku, ikalipuka na vipande vyake vikatoboa kuta.

Mazishini Baba Mdogo alimwita mwenzako muuaji, akampiga ngumi iliyomng'oa jino. Mwenzako hakujikinga. Aliamini ni kweli, akaacha kazi, akajifungia kwake.

Mwezi uliopita Mama alisogeza kabati apige deki, akazikuta funguo zako. Alikaa sakafuni akalia, akakutukana jinsi mke anavyomtukana mume anayempenda, kisha akazipeleka mwenyewe kwa mwenzako. Baba Mdogo alimfuata kichwa chini.

"Ile ngumi yangu nirudishie," alimwambia.

Mwenzako hakuirudisha. Alizishika funguo zako, kisha akatuletea mchoro wa mwisho wa ule mstari wako, uliorekodiwa hadi sumaku ilipopasuka. Mstari haukupinda, Baba.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao, mdogo wako, na mwenzako wa maabara, ambaye hakukuua. Hututoki moyoni, leo na siku zote.